Uliza Ujibiwe: Jina langu la mtandaoni kalichukua mtu mwingine

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya watu wanaosajili majina ya biashara za wenzao kwenye intaneti alafu wanarudi kuwauzia wenyewe, wazungu wanaita saibaskwotingi, mi naita uvamizi wa majina maana hauna tofauti na uvamizi wa viwanja tunaoujua. Barua zimekuja nyingi na zingine zina uchungu ndani yake. Nimechukua hizi, nimejibu kwa urefu pale panapostahili.

Nina biashara ya kufungasha viungo vya pilau na chai hapa Tanga, mwaka wa saba huu, jina la biashara nimesajili BRELA na wateja ninao mpaka Mombasa. Juzi kijana wangu akataka kunitengenezea websaiti tukakuta jina langu lile lile lenye .com lishachukuliwa, ukifungua hamna kitu, pameandikwa tu linauzwa. Tukamwandikia, anataka milioni moja na laki mbili. Mwanangu anasema tulipe yaishe ila mi roho inauma. Kweli nilipie jina langu mwenyewe? – Mama wa viungo, Tanga

Shikamoo mama. Hiyo roho inayokuuma imewauma wengi kabla yako, na wengine walikuwa makampuni makubwa kweli kweli, na sheria karibu yote tuliyonayo leo kwenye haya mambo imetokana na watu waliojiuliza hilo hilo swali lako.

Ngoja nianzie nyuma kidogo. Jina la kwanza la tovuti lenye .com, yaani domeini, lilisajiliwa Machi 1985 na kampuni ya kompyuta ya Marekani inaitwa Symbolics, na kwa miaka kama kumi hivi kusajili ilikuwa bure. Utaratibu ulikuwa mmoja tu, aliyewahi kapata. Hakuna aliyekuuliza we nani au una hati gani, ni kama kijiji kipya kinagawa viwanja, ukifika asubuhi unaonyeshwa pori unachomeka vigingi vyako. Na kipindi kile haikuwa na shida maana waliokuwepo intaneti ni watu wa vyuo na maabara, wengi wanajuana. Shida ikaja biashara ilipoingia, kwa sababu sheria ya alama za biashara imezoea kwamba jina moja linaweza kuwa la watu watano, huyu anauza sabuni yule anauza matairi, huyu yuko Tanga yule yuko Texas, hawagombani maana mteja hachanganyikiwi, lakini .com ya jina hilo ni moja tu dunia nzima. Watu watano, kiwanja kimoja. Mzizi wa ugomvi wote uko hapo.

Mwaka 1994 mwandishi mmoja, Joshua Quittner, alikuwa anaandikia jarida la Wired, akagundua McDonald's hawajasajili mcdonalds.com. Akawapigia simu kuwauliza, hawakuonyesha kujali, basi akaisajili yeye, akaweka na imeli yenye jina la Ronald yule kikaragosi wao, akawauliza wasomaji nifanye nini nalo. Mwisho aliwaachia, na kampuni ikatoa dola 3,500 shule moja ya Brooklyn ipate intaneti. Mwaka huo huo kampuni ya Princeton Review, inayoandaa wanafunzi kwa mitihani, ikasajili kaplan.com ambalo ni jina la washindani wao, bosi wao akasema atalirudisha kwa kreti ya bia, Kaplan wakakataa wakaenda kwa wasuluhishi wakapewa jina lao. Mpaka hapo watu walikuwa wanaona kama utani wa waungwana.

Aliyebadilisha hali ya hewa ni Dennis Toeppen wa Illinois. Kuanzia Septemba 1995 kusajili kukawa na ada, dola 100 kwa miaka miwili, na huyu bwana akasajili majina kama 240, humo ndani kuna ya mashirika ya ndege, Delta, British Airways, kuna ya maduka makubwa, kuna ya Panavision wale wa kamera za filamu. Panavision walipotaka kujisajili Desemba 1995 wakamkuta yeye, kwenye ukurasa kaweka picha za mji mdogo wa Illinois unaoitwa Pana, ili aonekane kama ana shughuli na neno hilo. Akawaambia nipeni dola 13,000. Na kwenye barua yake akawaandikia maneno ambayo mi nikiyasoma bado yananishtua, aliwauliza kwa nini mumnunulie wakili wenu boti mpya wakati mnaweza kulipata jina kwa bei rahisi tu kwangu. Walipokataa akasajili na panaflex.com, jina la kamera yao nyingine, akaweka ukurasa una neno moja tu la salamu.

Mama isome tena hiyo ya boti. Dola 13,000 haikuokotwa hewani, ni bei iliyopigiwa hesabu ikae chini kidogo ya gharama ya kwenda mahakamani, ili mwenye jina akipiga mahesabu yake aone bora alipe yaishe, yale yale maneno ya mwanao. Mvamizi anauza pengo lililopo kati yako na haki yako, jina lenyewe ni kisingizio tu. Ndo maana nasema historia ya hii sheria ukiitazama vizuri ni historia ya kujaribu kuliziba hilo pengo, na halijaziba lote.

Panavision hawakulipa. Toeppen alijitetea kwamba hajauza bidhaa yoyote kwa jina lao, kaweka picha za mji tu, kosa liko wapi? Mahakama ya rufaa ya California na majimbo jirani ikamjibu mwaka 1998 kwamba biashara yako ndiyo hiyo hiyo, kuyakamata majina ya watu na kuwauzia, hayo ndo matumizi ya kibiashara. Kampuni nyingine, Intermatic, ilikuwa ishamshinda huko Illinois tangu 1996. Msingi wa kesi zote mbili ilikuwa sheria ya Marekani iliyoanza Januari 1996 ya kulinda alama maarufu zisififishwe.

Sasa turudi Tanga. Leo huhitaji kwenda mahakama ya Marekani, kuna njia ya usuluhishi ambayo nitaieleza kwa kijana wa sheria hapo chini, ila ada yake inaanzia dola 1,500, hizo ni zaidi ya milioni tatu za kwetu, na huyo mtu wako naamini anajua, ndo maana kakuambia milioni moja na laki mbili. Ni hesabu ya boti ile ile.

Mi ningekuwa wewe leo nisingelipa. Kwanza kabisa hifadhi huo ujumbe wake wa bei, usiufute, upige picha na tarehe ionekane, maana kutaka kumuuzia mwenye jina kwa bei kubwa kuliko gharama za kusajili ni moja ya dalili za nia mbaya zilizoandikwa wazi kwenye kanuni. Alafu kijana wako aangalie rekodi ya usajili, kasajili lini? Kama ni kabla hujaanza biashara, kesi yako ni dhaifu sana nakwambia ukweli, maana hawezi kuwa alikuvizia wewe ambaye hujakuwepo. Kama ni mwaka jana, hapo kuna kitu. Angalia pia kama jina lako ni la pekee au ni maneno ya kawaida, jina kama Pilau Tamu kila mtu anaweza kudai alilifikiria mwenyewe. Na jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui, kusajili jina la biashara BRELA siyo sawa na kusajili alama ya biashara, ni vitu viwili tofauti japo ofisi ni moja, cha kwanza kinasema unafanya biashara kwa jina gani, cha pili ndicho kinachokupa haki ya kumzuia mwenzio. Nenda kasajili alama. Wakati huo chukua jina lako la .co.tz kama lipo wazi, anza kuuza, pakiti zako ziandikwe hiyo anwani. Wateja wakishaizoea hiyo, huyo bwana kabaki na ukurasa mtupu anaoulipia ada kila mwaka.

Nasoma sheria mwaka wa tatu Dar. Mwalimu kasema kuna waamuzi wa Geneva wanaweza kumnyang'anya mtu domeini popote alipo duniani. Nimeshindwa kuelewa wanapata wapi hiyo mamlaka maana hakuna mkataba wa kimataifa uliosainiwa. Na kesi ya kwanza ilikuwa ipi? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

Umeuliza penyewe mdogo wangu. Mamlaka yao haitoki kwenye mkataba wa nchi na nchi, inatoka kwenye mkataba wako wewe na aliyekuuzia domeini. Ile karatasi ndefu ambayo kila mtu anabonyeza nakubali bila kusoma, ndani yake kuna kipengele kwamba mtu akidai domeini yako inavunja alama yake ya biashara, unakubali kwenda kwa waamuzi. Huyo msajili hana jinsi, lazima akiweke, maana ICANN, chombo kilichoundwa 1998 kusimamia majina ya intaneti, hakimpi kibali cha kuuza .com bila hicho kipengele. Kwahiyo ni mnyororo wa mikataba, ICANN anambana msajili, msajili anakubana wewe. Mi naona ni moja ya vitu vilivyofikiriwa kwa akili sana kwenye sheria za kizazi chetu, kitu kinafanya kazi dunia nzima bila bunge lolote kukipigia kura, na hapo hapo ndo pananipa wasiwasi, kwa sababu hiyo hiyo.

Pendekezo lilitoka WIPO, Shirika la Haki Miliki Duniani, hao ndo wa Geneva, Aprili 1999, ICANN wakapitisha sera Agosti na kanuni zake Oktoba mwaka huo huo. Inaitwa UDRP. Mlalamikaji anatakiwa athibitishe vitu vitatu vyote kwa pamoja, kimoja kikikosekana kaanguka: domeini inafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, aliyeisajili hana haki wala maslahi halali kwenye hilo jina, na aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Hayo maneno "na kuitumia" yalileta mjadala mapema sana, maana wavamizi wakasema sisi hatujatumia, tumekaa nalo tu. Kesi ya Telstra, kampuni ya simu ya Australia, mwaka 2000 ikafunga huo mlango: mwamuzi akasema mtu akikaa kimya na jina maarufu la mwenzie, kaficha na utambulisho wake, na huwezi hata kufikiria matumizi yoyote halali ambayo angeweza kuyafanya, basi kule kukaa kwake kunahesabika ni kutumia kwa nia mbaya.

Ya kwanza ilikuwa ya wacheza mieleka, World Wrestling Federation wakati huo, dhidi ya mtu wa California. Alisajili worldwrestlingfederation.com Oktoba 1999 kwa dola 100, baada ya siku tatu akawaandikia anawauzia kwa dola 1,000. Malalamiko yalipelekwa tarehe 2 Desemba na uamuzi ukatoka katikati ya Januari 2000. Wiki sita hivi. Linganisha na Panavision waliohangaika karibu miaka miwili mahakamani, utaelewa kwa nini kesi zimemiminika, mwaka 2023 peke yake WIPO walipokea zaidi ya 6,000.

Kitu cha kuandika kwenye mtihani wako: waamuzi hawawezi kumpiga mtu faini wala kukulipa fidia, wanaweza kuhamisha jina au kulifuta, basi. Na uamuzi wao sio wa mwisho, aliyeshindwa ana siku 10 za kazi aende mahakamani kabla jina halijahamishwa. Barcelona.com ni mfano mzuri, halmashauri ya jiji la Barcelona ilishinda kwa waamuzi mwaka 2000, wenye domeini wakaenda mahakama za Marekani na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikasema jina la mji ni la kueleza mahali tu, halmashauri haina alama ya biashara juu yake, wenye domeini wakabaki nayo.

Niko Nairobi. Nimenunua majina 14 ya makampuni na mabenki ambayo hayajasajili .com fulani fulani, nangoja wanitafute niwauzie. Rafiki yangu ananitisha kwamba naweza kufungwa. Si ni biashara kama ya kununua shamba unangoja lipande bei? – G., Nairobi

Rafiki yako anakupenda ndugu yangu, msikilize.

Shamba unalonunua ni la mtu aliyekuuzia, thamani inapanda kwa sababu mji unakuja. Jina la benki thamani yake ilitengenezwa na benki, wewe umekuja umekaa mlangoni kwao. Kuna watu wanafanya biashara halali ya domeini, wananunua maneno ya kawaida, maneno ya samaki, nyumba, safari, wanauza kwa pesa nzuri na hakuna anayewagusa. Mpaka uko hapo, na wewe umeshauvuka mara 14.

Uingereza vijana wawili walifanya hiki hiki, kampuni yao iliitwa One in a Million. Walisajili majina ya Marks & Spencer, Sainsbury, Virgin, BT, Ladbrokes, na kuna barua waliwaandikia Burger King wakitaka pauni 25,000 na kodi juu kwa ajili ya burgerking.co.uk. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufaa ikawamaliza. Jaji Aldous akasema jina kama hilo mikononi mwa mtu asiyehusika ni chombo cha udanganyifu chenyewe, halihitaji kusubiri mpaka mtu atapeliwe, kule kulisajili tu na kulishika kunatosha kuzuiwa. Marekani Novemba 1999 wakatunga sheria maalum ya kupinga uvamizi wa majina, na humo mahakama inaweza kumtoza mtu kuanzia dola 1,000 mpaka 100,000 kwa kila jina moja. Zidisha kwa 14.

Na usidhani haya ni ya huko tu. Kenya yenu ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 28, kuchukua au kutumia kwa makusudi jina, jina la biashara, alama au domeini ya mtu mwingine bila ruhusa wala haki ni kosa la jinai, faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili au vyote pamoja. Ona kwamba nchi kama Marekani kwenye uvamizi wa kawaida wameacha iwe kesi ya madai, Kenya wameifanya jinai, mi binafsi naona ni kali kupita kiasi kwa jambo ambalo mara nyingi kurudisha jina kunatosha, ila ndiyo sheria iliyopo na wewe uko Nairobi. Usiandikie kampuni yoyote barua ya bei. Achia hayo majina yaishe muda wake, au nenda kwa wakili akuelekeze namna ya kuyarudisha bila kujitia matatani.

Mwanangu wa miaka 9 aliandika vibaya jina la katuni anayoipenda ikafunguka picha chafu, na kila nikifunga linafunguka dirisha lingine. Je kuna sheria ya hili? – Baba mzazi, Dodoma

Pole sana baba, hiyo inaumiza na sio bahati mbaya, kuna watu wanasajili makosa ya tahajia kwa makusudi, herufi moja imezidi au imekosekana, wanakaa wanangoja vidole vya watoto.

Aliyevuma zaidi kwa hili ni John Zuccarini wa Marekani, alikuwa na maelfu ya majina ya hivo, akilipwa na wenye matangazo kwa kila aliyepotea njia, na kurasa zake zilikuwa na huo mtego ulioueleza wa madirisha yasiyofungika. Mwaka 2000 mahakama ilimtoza dola 500,000 kwa majina matano tu ya duka moja la michezo ya kompyuta, 100,000 kila jina, na bado akaendelea! Ilibidi Marekani watunge sheria nyingine mwaka 2003 ya kumpeleka jela mtu anayetumia domeini ya udanganyifu kumvuta mtoto kwenye picha chafu, na yeye akawa wa kwanza kukamatwa kwa hiyo, Septemba mwaka huo huo kule Florida, kwa majina ya kukosea ya Disneyland na Teletubbies na mengine ya watoto. Akakiri, akafungwa miezi 30.

Kwa nyumbani, mwekee mtoto anwani sahihi kwenye alama za kivinjari awe anabonyeza tu, asiandike.

Mi ni fundi majokofu Mwanza. Karakana yangu ina jina la ukoo wetu, babu yangu aliitwa hivo, na domeini nimesajili kwa jina hilo tangu 2011. Sasa kuna kampuni ya Ulaya inaitwa hivo hivo, mawakili wao wameniandikia niwaachie ndani ya siku 10 la sivyo wananishtaki na kudai fidia. Nina watoto watatu. Nifanyeje? – Fundi, Mwanza

Kaka tulia kwanza. Barua yako ndiyo iliyonifanya nichelewe kupeleka ukurasa huu kwa mhariri, maana wengi wakisikia uvamizi wa majina wanafikiria mdogo anamwibia mkubwa, kumbe na kinyume chake kipo.

Nikusimulie habari ya Uzi Nissan. Alizaliwa Israel, Nissan ni jina la ukoo wake kabisa, na Nisani ni mwezi kwenye kalenda ya Kiebrania. Alihamia Marekani, na mwaka 1980 alifungua karakana ya magari kwa jina lake, wakati huo magari ya ile kampuni ya Japani pale Marekani yalikuwa yakiuzwa kwa jina la Datsun, wazee wetu wanaikumbuka vizuri Datsun. Mwaka 1991 akaanzisha Nissan Computer huko North Carolina, na Juni 1994 akasajili nissan.com. Jina lake, kampuni yake, na mwenyewe kawahi. Desemba 1999, siku chache tu baada ya ile sheria mpya kusainiwa, Nissan Motor wakamshtaki wakidai dola milioni 10.

Kesi ilienda mpaka 2007. Miaka minane kaka. Na kosa lake moja nitalisema kwa sababu linakuhusu: mwaka 1999 aliruhusu matangazo ya kulipia kwenye tovuti yake na mengine yalikuwa ya magari, hapo ndipo mawakili walipopata mlango, mahakama ikaona kwenye magari alikuwa anafaidika na mkanganyiko wa wateja wa yule mwingine. Mahakama ya chini ikamzuia mambo mengi, mpaka kuweka maneno mabaya kuhusu kampuni hiyo kwenye tovuti yake. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikasema hapana, kumzuia mtu kusema vibaya kuhusu kampuni ni kumnyima uhuru wake wa kusema, na kuhusu umaarufu wa jina ikasema lazima kuangalia kama kampuni ilikuwa maarufu tangu pale alipoanza kutumia hilo jina kwenye biashara yake, 1991, sio pale aliposajili domeini. Mwisho wa yote domeini ilibaki kwake. Alifariki 2020 ikiwa bado ni yake. Alishinda, ila miaka ile na pesa zile za mawakili hakuna aliyemrudishia.

Unaona ile hesabu ya boti niliyomweleza mama wa viungo imegeuzwa? Kule mdogo alipanga bei iwe chini ya gharama ya haki, hapa mkubwa anaifanya haki iwe ghali mpaka mdogo aachie. Ni hila moja kwa mikono miwili, na mi zote mbili nazichukia sawa sawa.

Sasa wewe. Siku 10 walizoandika hazijatoka kwenye sheria yoyote, wamejipangia wenyewe. Wakikupeleka kwenye usuluhishi utapata notisi rasmi na utakuwa na siku 20 za kujibu, na hapo tafadhali sana usinyamaze, maana wengi wanaopoteza ni wale ambao hawakujibu kabisa, mwamuzi anabaki na maneno ya upande mmoja. Kujibu hulipi kitu kama mwamuzi ni mmoja, ada analipa mlalamikaji. Kanuni zenyewe zinasema kama unajulikana kwa hilo jina, hayo ni maslahi halali hata kama huna alama ya biashara. Kusanya kitambulisho chako, leseni ya biashara, risiti za zamani, picha ya kibao cha karakana, rekodi ya usajili ya 2011, kitu chochote chenye tarehe. Hakikisha kwenye tovuti hamna tangazo hata moja la bidhaa wanazouza wao. Na usiwatajie bei. Hata wakikuuliza kwa upole unataka shilingi ngapi, usitaje, jibu lako linaweza kugeuzwa ushahidi kwamba ulilisajili ili uwauzie. Waamuzi wakiona mlalamikaji kaleta kesi kwa nia mbaya ili apore jina la mtu, wana uwezo wa kuandika hivo kwenye uamuzi na ukatoka hadharani, hakuna faini, lakini makampuni hayapendi kuandikwa hivo.

Tafuta wakili hata wa msaada wa kisheria akusaidie kuandika jibu. Nitumie na nakala ya barua yao, nitaisoma yote.

Je msanii akidai jina lake la kisanii anapewa tu? – Mpenzi wa muziki, Zanzibar

Sio kila mara. Julia Roberts wa filamu alishinda Mei 2000 juliaroberts.com, hakuwa amesajili jina lake kama alama ila waamuzi wakasema umaarufu wake umeshalifanya kuwa alama, na aliyelichukua alikuwa na majina mengine zaidi ya 50 na hilo kaliweka mnadani eBay. Miezi miwili baadae mwanamuziki Sting akakosa sting.com, kwa sababu sting ni neno la kawaida la Kiingereza, maana yake mwiba wa nyuki, na mwenye domeini alikuwa akilitumia kama jina lake la utani mtandaoni kwa miaka. Kwahiyo msanii anayejiita kwa neno la kila siku, tuseme Mwezi au Asali, ajue mapema kwamba waamuzi watamuuliza maswali magumu.

Domeini ya kikundi chetu cha akina mama iliisha muda tukasahau kulipia, sasa ina matangazo ya kamari. Tumevamiwa au tumejitakia? – Katibu, Kigoma

Dada katibu, hii imenikuta na mimi. Tulikuwa na tovuti ya kikundi cha ushairi, aliyetuuzia domeini akatuma kumbusho kwenye imeli ya mwenzetu aliyekuwa ameshahama kikundi, sisi hatujui lolote, siku moja tunafungua tunakuta tovuti ya mikopo. Mashairi ya miaka minne hatukuwa na nakala. Niliumia mpaka leo naongea nasikia uchungu.

Kisheria mtu akichukua jina lililoisha muda hajavunja kitu kwa hilo tu, lazima uonyeshe kwamba jina lilikuwa linajulikana kama lenu na yeye analitumia kuvuna watu waliokuwa wanawatafuta nyie. Kama kikundi chenu kimesajiliwa na kina kurasa zingine, magazeti yaliwaandika, mna vipeperushi vyenye hiyo anwani, kuna hoja. Ila kwa ada ya dola 1,500 mi ningewashauri hizo pesa mzitumie kwenye shughuli za kikundi, mchukue jina jipya, mlipie miaka mingi kwa mkupuo kadri msajili anavyoruhusu, na imeli ya usajili iwe ya kikundi yenye nywila wanayoijua watu wasiopungua watatu. Alafu wafadhili na wote mliowahi kuwapa anwani ya zamani waandikieni wiki hii, kabla hawajaifungua wakakutana na kamari.